Tumbo la sato: nini cha kuchanganya kwenye chakula na unachanganyaje

Wadau wa samaki wa Dodoma na kanda ya kati kwa ujumla, naona kila mtu siku hizi anaulizia vya kuchanganya kwenye chakula ili tumbo la sato liwe sawa: probiotiki (yaani bakteria wazuri wa tumboni), hamira, kitunguu saumu, sawa vinasaidia, ila kabla hujatoa hela nenda stoo ukanuse chakula chako. Fungua kiroba, ingiza mkono mpaka chini kabisa, chota ushike. Ukikuta joto, madonge au harufu ya uvundo, hicho usiwape samaki. Pumba za mahindi na mashudu ya alizeti tunayopata kirahisi huku ndiyo yanaongoza kwa kuvu yakihifadhiwa na unyevu, na sumukuvu haiishi kwa kuchemsha wala kuanika juani. Mwaka 2016 watu walifariki hapa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, kwahiyo jamani hili siyo la mchezo. Samaki inampiga ini na utumbo taratibu, wewe unaona tu hakui. Panga viroba juu ya vichanja, mbali na ukuta, nunua cha kuisha ndani ya mwezi.

Chakula kikiwa safi anza na hamira ya kawaida, ile kavu ya maandazi. Kilo moja ya chakula inatosha gramu 2 hivi, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Ikoroge kwenye maji ya vuguvugu kidogo tu, yakiwa ya moto unaiua, na kama ni ya bomba yaache wazi usiku kucha kwanza klorini itoke. Tandaza peleti, yaani zile punje za chakula cha samaki, kwenye turubai kivulini, nyunyiza huku unageuza kwa mikono mpaka zote zipate unyevu bila kulowa, halafu pitishia mafuta ya alizeti kidogo, kilo moja vijiko viwili vya chai, haya mafuta watu wanayaruka na ndiyo yanayoshikilia hamira isioshwe peleti ikigusa maji. Acha nusu saa, lisha siku hiyo hiyo, usiweke kiporo. Wanaotengeneza peleti wenyewe kwa mashine wasiweke hamira kwenye unga, joto litaiua, waweke baada ya peleti kupoa.

Kitunguu saumu gramu 10 kwa kilo. Twanga, kiache dakika kumi ndiyo nguvu yake inatoka, usikipike, kisha changanya kwa njia ile ile. Mimi nakipenda kabla ya baridi na baada ya kuhamisha vifaranga, siyo kila siku mwaka mzima. Na usikiweke pamoja na probiotiki, kwasababu kinaua bakteria na hakichagui wazuri na wabaya. Probiotiki ya dukani tafuta iliyoandikwa Bacillus, hilo ni jina la aina ya bakteria, inavumilia joto na kukaa stoo kuliko zingine, angalia tarehe, na kama pakiti ilikuwa inapigwa jua dirishani iache hapo hapo dukani. Kipimo fuata pakiti.

Kitu ambacho naomba sana tuache ni kuwachanganyia samaki antibayotiki za kuku eti kinga. Zinafagia bakteria wazuri wa tumboni, wabaya wanaobaki wanazoea dawa, na masalia tunakuja kuyala sisi na watoto wetu. Samaki wanaumwa? Muite afisa uvuvi au daktari wa mifugo.

Juni mpaka Agosti usiku wa huku maji yanapoa, na sato maji yakishuka chini ya nyuzi 20 anakula kidogo sana na mmeng'enyo unalala, hapo hata uweke kirutubisho gani haisaidii kama unalisha saa moja asubuhi. Subiri jua lichome, saa tano au sita, na upunguze kiasi. Kinachobaki kinaozea chini.

Kujua kama inafanya kazi angalia kinyesi, nyuzi nyeupe ndefu zinazoelea ni dalili hawali au tumbo lina shida. Ukivua wa kula fungua tumbo uangalie, utumbo wa sato ni mrefu sana, umejiviringa, unatakiwa uwe na chakula ndani na siyo kamasi ya njano. Mwenye mabwawa mawili aweke hamira kwenye moja tu, mwenye moja apime samaki kadhaa kila wiki mbili na aandike kilo za chakula alizotoa, ukiona chakula kinaenda kilekile na uzito hausogei baada ya miezi miwili, acha kununua hizo pakiti, hela hiyo peleka kwenye chakula chenye protini nzuri.