Pweza wa Osaka: kufundisha watoto tamaduni za mbali kwa vitabu vya picha

Kabla hujafungua kitabu cha Wajapani au Wahindi, tafuta kwanza kitabu cha picha kinachotuhusu sisi, kilichochorwa na mgeni. Kwenye vitabu vya mitumba vinavyopangwa kando ya barabara Dar es Salaam, kimoja hakikosekani. Utakuta twiga, mbuyu, Mmasai na mkuki wake, na jua jekundu linazama. Waoneshe watoto, kisha nyamaza. Hapa Tanga, darasa langu la tatu halichelewi: "Mwalimu, mbona hakuna bodaboda?" "Bahari iko wapi?" "Mbona wote wako peku?" Yaandike maswali hayo kwenye manila na uibandike ukutani, maana ndiyo yatakayokagua kila kitabu kitakachofuata.

Kwangu hatua hii ni nusu ya kazi, na ndiyo wengi tunayoiruka. Mtoto aliyeona nchi yake nzima imegeuzwa twiga hatakubali kirahisi kwamba Japani ni kimono, maua ya sakura na mlima Fuji basi.

Kwenye kuchagua, mimi hupenda kitabu cha siku ya kawaida kuliko cha sikukuu. Sikukuu ina rangi nzuri, lakini mtoto anabaki akidhani watu wa huko huamka wamevaa hariri. Tazama pia ukurasa wa mwanzo wenye maandishi madogo: nani kaandika, nani kachora, mwaka gani. Kitabu cha 1965 si kibaya, ila watoto waambiwe kwamba hayo ni maisha ya enzi za babu zao. Kama mfuko hauruhusu, StoryWeaver ya Pratham Books kule India na African Storybook ya Afrika Kusini hutoa hadithi za picha bure mtandaoni, zikiwemo za Kiswahili, na leseni zake zinaruhusu kuchapa.

Sasa kusoma. Picha kwanza, maneno baadaye. Nina maswali mawili tu: "Unaona nini?" na "Umejuaje?" La pili ndilo lenye faida. Nina kitabu cha Kijapani kinachofunguliwa kutoka kulia. Watoto wa madrasa wala hawakushangaa, juzuu zao hufunguliwa hivyo hivyo. Ukurasa mmoja una mlango mkubwa na viatu vimepangwa safu kwa safu. "Msikiti!" Umejuaje? "Viatu vimevuliwa." Hapo ndipo unapowaambia kuwa ni shule: shule nyingi za Japani mwanafunzi huvua viatu vya nje mlangoni akavaa vya ndani. Mbele kidogo wanafunzi wenyewe wanafagia na kupiga deki darasa, na hapo utasikia kelele, maana wetu walishika ufagio asubuhi hiyo hiyo.

Usiwaachie tu ile raha ya "kama sisi". Onesha na tofauti, na jiandae kwa kicheko, hasa kwenye chakula. Mtoto akicheka vijiti vya kulia au samaki mbichi, usimgombeze. Atanyamaza, lakini mawazo yake hayatabadilika. Muulize yeye anakula nini ambacho mgeni angekikimbia. Watoto wa pwani watakutajia pweza. Basi waambie habari za Osaka, mji mkubwa wa Japani: vipo vibanda vya barabarani vyenye bamba la chuma lenye vishimo vya duara, muuzaji anamimina uji wa unga wa ngano, anatia kipande cha pweza katika kila kishimo, anavigeuza kwa kijiti kirefu mpaka vinakuwa vidonge vya mviringo, na watu wanavila vya moto. Nilipowaeleza haya, mtoto mmoja aliuliza kama wanatia pilipili. Nikamwambia hutiwa mchuzi mzito mweusi, wenye utamutamu. Akakunja uso. Nikamwacha, ni haki yake.

Jizoeze kusema "mtoto huyu wa Osaka" badala ya "Wajapani". Ni jambo dogo, lakini watoto huiga kauli ya mwalimu haraka sana.

Tatizo la kweli ni kitabu kimoja mbele ya watoto sabini. Dawa yake nimeichukua Japani kwenyewe. Miaka ya 1930, mitaani Tokyo, walipita wauza peremende kwa baiskeli, nyuma wamefunga fremu ya mbao. Muuzaji aligonga vijiti viwili, watoto wakaja mbio wakanunua, kisha akawasimulia hadithi huku akichomoa picha moja baada ya nyingine. Wanaiita kamishibai. Kuitengeneza ni rahisi: chapa au chora picha nane kubwa, zibandike kwenye vipande vya boksi vilivyo sawa, na boksi jingine likatwe dirisha liwe fremu.

Angalia sana mpangilio wa maneno. Maneno ya picha ya kwanza yaandikwe nyuma ya picha ya nane, kwa sababu hiyo ndiyo inayokutazama wewe unapoanza. Ya picha ya pili yaandikwe nyuma ya ya kwanza; ukishaichomoa na kuirudisha nyuma ya zote, yatakuwa mbele ya macho yako. Endelea hivyo hadi ya nane. Andika kwa herufi kubwa, usije ukainamia boksi na kuacha kuwatazama watoto.

Kadi zikishazoeleka, wape watoto vipande vitupu watengeneze seti ya kwao: Jumamosi mchana mtaani kwetu. Wagawe kwa mitaa. Wa Raskazone na wa Ngamiani watabishana kuhusu kipi kiwekwe na kipi kiachwe, na ubishi ukizidi, ongeza kadi.