Unaenda kuzamia maji baridi? Zoezea Kivu kwanza

Ndugu yangu, Ziwa Kivu limetudekeza: maji ya juu yana karibu nyuzi 24. Kule Silfra, ufa wenye maji huko Iceland, ni nyuzi 2 hadi 4, lakini unaona mbele zaidi ya mita 100. Ndiyo maana watu wanakubali kutetemeka.

Kinachoniogopesha mimi ni detanderi, kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, kuganda. Hewa ikitoka mtungini inapanuka na kupoa, unyevu unakuwa barafu, vali ya detanderi inabaki wazi na hewa yote inamwagika. Basi usiipumulie ukiwa bado nje kwenye baridi. Beba mitungi miwili, kila mmoja na detanderi yake.

Hapa Goma, ukiwa na mwalimu, vaa glavu nene, simama kwenye maji ya kifua, peleka mkono nyuma ya kisogo ufunge vali ya mtungi bila kuiona, kama vile detanderi yake imeganda. Vidole vikigoma, legeza mikanda, rudia. Rudia hata ukichoka, kwa kweli.

Ndani ya suti isiyoingiza maji vaa sufu. Pamba ikilowa jasho haina faida. Ukipanda, ongeza muda wa vituo vya kusimama njiani, maana mwili uliopoa hutoa polepole nitrojeni, gesi ya hewa uliyopumua chini.

Na huku Kivu, karibu mita 1,460 juu ya bahari, jedwali la baharini, la kupanga muda na vituo vya kuzamia, liache nyumbani.