Mapafu Kabla ya Mguu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Upasuaji wa Mfupa wa Paja

Ndugu wa mgonjwa aliyevunjika paja huuliza kwanza chuma kitakaa mguuni muda gani na mgonjwa atatembea lini. Ni nadra mtu kuulizia mapafu, ilhali ndiyo yanayoweza kuhatarisha maisha katika siku tatu za mwanzo. Ndani ya mfupa wa paja mna uboho wenye mafuta mengi. Mfupa unapovunjika, matone ya mafuta hayo huingia kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, hupitia moyoni na kunasa katika mishipa myembamba ya mapafu. Daktari anapolipekecha tundu la mfupa ili kupitisha chuma kirefu, shinikizo la ndani hupanda na matone mengine husukumwa kufuata njia hiyo hiyo. Wagonjwa wengi hawahisi lolote, lakini wachache hubanwa pumzi vibaya.

Kwa hiyo, kabla ya mgonjwa kupelekwa chumba cha upasuaji, hakikisheni kwamba kiwango chake cha oksijeni kimepimwa akiwa anavuta hewa ya kawaida, na kwamba kimeandikwa kwenye faili. Kipimo chenyewe ni kibanio kidogo cha kidoleni. Rangi ya kucha ifutwe na kidole kilichopoa kipashwe joto, la sivyo kipimo kinaweza kudanganya. Mwenye mapafu mazima kwa kawaida husoma asilimia 95 au zaidi. Bila tarakimu hiyo ya mwanzo, mgonjwa akisoma 90 kesho yake, hakuna atakayejua ameshuka kutoka wapi.

Kifua nacho kichunguzwe, hasa baada ya ajali ya gari au pikipiki. Aliyevunjika mapaja yote mawili, au aliyeumia mbavu na mapafu pamoja na paja, yumo katika hatari kubwa zaidi, na huenda madaktari wakaamua kuushikilia mfupa kwanza kwa vyuma vya nje, kisha waweke chuma cha ndani siku kadhaa baadaye hali ikitulia. Familia nyingine huuona uamuzi huo kama uzembe. Kwa maoni yangu, mara nyingi ni busara. Kinyume chake, kwa mgonjwa ambaye hali yake ni imara, kucheleweshwa bila sababu kuna madhara yake, kwa kuwa mfupa unaochezacheza huendelea kumwaga mafuta, na kulala chali siku nyingi hukaribisha nimonia na damu kuganda. Ndiyo maana hupendekezwa afanyiwe upasuaji ndani ya saa 24, na kabla ya hapo mguu utulizwe kwa banzi au kwa kuvutwa na uzito.

Daktari wa usingizi aelezwe bila kufichwa habari za sigara, pumu, donge la damu lililowahi kutokea, vidonge vya uzazi wa mpango na dawa za kuzuia damu kuganda. Masharti ya kufunga kula nayo yafuatwe, kwa sababu chakula kikipanda kutoka tumboni mgonjwa akiwa usingizini kinaweza kuingia mapafuni.

Mwisho, pangeni mapema nani atamwangalia mgonjwa usiku, kwani dalili za mafuta mapafuni hujitokeza zaidi kati ya saa 24 na 72 tangu kuvunjika. Aliyekuwa akizungumza vizuri asubuhi huanza kuuliza yuko wapi, anahema haraka, kwapani, kifuani au ndani ya kope huonekana vidoa vidogo vyekundu. Hakuna dawa mahususi ya kuyaondoa mafuta hayo, bali mgonjwa husaidiwa kwa oksijeni, na pengine mashine ya kupumulia, hadi mapafu yapone. Basi dalili hizo zikionekana, muuguzi aitwe mara moja. Donge la damu huweza kuja baadaye zaidi, hata wiki kadhaa baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, kwa hiyo ulizeni kabla ya upasuaji dawa ya kuzuia damu kuganda itatumika kwa siku ngapi, na mkumbuke kwamba maumivu makali ya ghafla ya kifua, kukohoa damu au kuvimba kwa shavu la mguu ni sababu ya kurudi hospitalini saa hiyo hiyo.