Kurekebisha taimingi ya cheche kabla ya kufungulia nitrasi

Mtu anayefunga mtungi wa nitrasi (gesi ya nitrous oxide, inayoongezea injini nguvu) kwenye gari huwaza petroli kwanza, na hakosei. Gesi hiyo ina oksijeni inayofikia asilimia 36 ya uzito wake, ilhali hewa tunayovuta ina asilimia 23 tu, na oksijeni hiyo ya ziada isipopata petroli ya kutosha, kinachoungua ni pistoni. Jambo linalosahaulika ni wakati wa cheche. Mchanganyiko wenye nitrasi huungua kwa kasi kubwa kuliko ule wa kawaida, kwa hiyo cheche iliyokuwa ikipigwa kwa wakati wake jana, leo inakuwa imewahi mno. Mgandamizo mkubwa ndani ya silinda unatakiwa ufike takriban nyuzi 15 za mzunguko wa krenkishafti baada ya pistoni kupita kilele chake, ili uisukume ikiwa inashuka. Ukifika mapema, unakutana na pistoni ikiwa bado inapanda, injini inagonga, na kinachofuata ni gasketi ya kichwa, ringi za pistoni, au pistoni yenyewe kutoboka.

Nitachukua mfano wa Chevrolet 350, injini ya lita 5.7 yenye silinda 8 na kabureta, kwa kuwa distribyuta yake, yaani kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda, huzungushwa kwa mkono na kila hatua huonekana kwa macho. Kwenye injini zinazoendeshwa na kompyuta hesabu ni zile zile, ila marekebisho huandikwa kwenye ramani ya cheche badala ya kufunguliwa kwa spana.

Injini hiyo ikiwa katika hali ya kawaida hupenda jumla ya nyuzi 34 hadi 36 kabla ya kilele. Tuseme 12 za mwanzo injini ikizunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta, na 24 zinazoongezwa na vizito vya distribyuta kadiri mizunguko inavyopanda. Kanuni inayotumiwa na mafundi wa nitrasi ni kuchelewesha cheche nyuzi 2 kwa kila nguvu-farasi 50 zinazoongezwa. Kwa jeti (vitundu vinavyopima nitrasi na petroli) za nguvu-farasi 100, basi, 36 zinashuka hadi 32, na kwa 150 zinashuka hadi 30. Mimi hushauri mtu aanze nyuzi 2 chini ya hesabu hiyo, yaani 30 kwa jeti za 100, kwa sababu injini iliyochelewa huonyesha uvivu tu mwanzoni, lakini iliyowahi haitoi nafasi ya pili.

Kabla ya kugusa distribyuta, hakikisha kwamba alama ya sifuri kwenye puli ya mbele ya krenkishafti inasema kweli. Puli ya injini hizi ina duara la nje lililoshikwa kwa mpira, na mpira ukizeeka duara huteleza, nayo alama huondoka na duara. Ondoa waya wa betri, toa plagi zote, kisha funga kizuizi cha pistoni kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza. Zungusha krenkishafti taratibu kwa mkono mpaka pistoni iguse kizuizi, weka alama kwenye puli mkabala na kielekezi. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama nyingine. Kilele halisi kipo katikati ya alama hizo mbili. Kazi hii huchukua nusu saa, na bila hiyo kila namba utakayoisoma baadaye ni ya kubahatisha.

Kwenye puli ya kipenyo cha milimita 203, nyuzi 1 ni sawa na milimita 1.77. Pima basi milimita 53 kutoka kwenye kilele kwa kufuata uelekeo wa mshale wa saa ukiitazama puli kutoka mbele, uchore mstari mweupe: hizo ndizo nyuzi 30.

Rudisha kila kitu mahali pake, lakini funga plagi za baridi zaidi (zinazopoteza joto haraka) kwa daraja moja au mawili, zenye mwanya wa takriban milimita 0.8, kwa maana ncha ya plagi ya moto ikiwa nyekundu huwasha mchanganyiko hata kabla ya cheche. Washa injini na uiache ipate joto. Chomoa mpira wa vakyumu wa distribyuta, unaowahisha cheche kwa mvuto wa hewa ya injini, na uuzibe, kwani ukikanyaga mafuta hadi chini vakyumu hupotea na nyuzi unazoongeza hazipo tena. Mwombe msaidizi apandishe injini mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika au zaidi, hadi mstari usisogee tena chini ya taa ya taimingi, ile inayomulika kila cheche inapopigwa. Legeza boliti ya distribyuta na uizungushe kuelekea inakozunguka rota, ambayo kwa Chevrolet ni uelekeo wa mshale wa saa ukiitazama kutoka juu. Huko ndiko kuchelewesha. Izungushe kidogo sana, maana distribyuta huzunguka nusu ya kasi ya krenkishafti, na nyuzi 1 ya mkono wako ni nyuzi 2 za cheche. Kaza boliti, kisha pima tena, kwa kuwa mkazo wenyewe huweza kuisogeza.

Kuhusu mtungi, shinikizo linalotafutwa ni psi (ratili kwa inchi ya mraba) 900 hadi 950, ambalo hupatikana kwenye joto la takriban nyuzijoto 30. Mafundi wa nchi za baridi hununua vipasha joto. Gari lililoachwa juani Mombasa au Dar es Salaam lina tatizo la kinyume, kwa sababu shinikizo likizidi, gesi inayoingia huzidi petroli iliyopimiwa. Tahadhari pia na namba za oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kugonga, katika maelekezo ya Marekani: 91 ya pampu zao hukaribia 95 ya RON, kipimo kinachotumika kwetu.

Jaribio lifanyike kwenye uwanja wa mashindano. Nitrasi isifunguliwe chini ya mizunguko 3,000, wala kabla mguu haujafika chini kabisa. Mwisho wa mbio, zima cheche kwa swichi ya pembeni, si kwa ufunguo unaofunga usukani, weka gia huru na uliache gari litembee hadi lisimame, kisha toa plagi. Tazama ule mkono wa chuma uliopinda juu ya ncha: joto huacha mstari wa rangi. Ukiwa kwenye mpindo, cheche iko mahali pazuri. Ukiwa karibu na shina, imewahi. Ukiwa karibu na ncha, imechelewa. Vitone vidogo vya kung'aa kwenye kauri ni alumini ya pistoni, na siku hiyo hakuna mbio nyingine. Nguvu ikiwa imepungua na eksosi imekuwa nyekundu, umechelewesha kupita kiasi, na vali za kutolea moshi ndizo zinazoumia. Rudisha nyuzi 1 tu, funga plagi mpya, urudie.

Aliyepanga taimingi yake Nairobi, kwenye kimo cha takriban mita 1,800, aipunguze tena kabla ya kukimbia Pwani, kwa sababu hewa nzito ya huko huongeza mgandamizo ambao injini yake haikuuona ilipopimwa.