Kabla Hujaigusa Skrubu Iliyoganda kwenye Mashine ya Boti

Skrubu ninayoisema ni ile ya oili ya gia, iliyo chini kabisa ya mguu wa mashine, karibu na propela. Ni fupi, nene, na kwenye mashine nyingi ina mfereji mmoja wa bisibisi bapa. Juu yake ipo mwenzake ya kupimia kimo cha oili. Wavuvi wengi huku kwetu Ziwa Victoria, kuanzia Igombe na Kayenze hadi Ukerewe, hawana habari nayo mpaka siku inapogoma.

Kwanza chagua siku. Usianze kupambana na skrubu ngumu jioni ambayo vijana wameshapakia taa na nyavu wanakusubiri wewe. Wenye boti za dagaa wana nafasi yao: mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti dagaa, boti zinalala mwaloni, ufukweni zinakofikia. Hizo ndizo siku za ufundi. Skrubu iliyoganda inataka kulala na mafuta usiku kucha, na mwenye haraka hawezi kuisubiri.

Pili, nunua skrubu mpya pamoja na washa zake, vile vipete vya kuzibia, kabla hujaigusa ya zamani. Usiniambie utanunua ikiharibika. Nunua kabla.

Beseni la kukingia oili, lazima. Vitambaa, lazima. Turubai chini, maana kitu kikidondoka kwenye mchanga wa ufukweni umeshakipoteza.

Bisibisi sasa. Iwe pana na nene, ijaze mfereji wote kutoka ukingo hadi ukingo, na ikikaa isicheze. Nzuri zaidi ni ile yenye shina lenye pembe kama za nati, ambalo unaweza kulishika kwa spana: mmoja anakandamiza kwa uzito wa mwili, mwingine anazungusha spana polepole. Na kwenye skrubu za nyota zilizo juu kwenye injini angalia vizuri. Mashine za Kijapani zina nyota yao, ambayo mara nyingi ina kitone kidogo kichwani, na bisibisi ya nyota ya kawaida haizami mpaka chini. Inasimamia ncha, kisha inapanda na kukata kichwa. Tafuta bisibisi yake, au saga ncha ya hiyo uliyo nayo kidogo tu mpaka ikae.

Kuna wanaosema maji ya ziwa ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo vitu havigandi. Ni kweli tunapona kuliko wenzetu wa Dar es Salaam na Zanzibar, lakini hatuponi kabisa. Mguu wa mashine ni wa alumini, skrubu ni ya chuma, mara nyingi kile kisichoshika kutu. Metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji, inayoliwa ni alumini. Inatoa unga mweupe unaovimba na kujaa kwenye nyuzi za skrubu, na huo unga ndio unaoshika skrubu. Kwa hiyo hata skrubu inayong'aa kama mpya inaweza kuwa imekwama vibaya.

Shemeji yangu ana boti ya dagaa. Oili ya gia ilifika siku ya kubadilishwa, skrubu ikakataa. Fundi aliyeitwa alikuwa kijana hodari sana kwenye kabureta na plagi, lakini alikuja na bisibisi moja, nyembamba, ya kufungulia redio. Ikateleza. Akakaza mkono, ikateleza tena, na kila ikiteleza inanyoa kingo za mfereji, mpaka kichwa hakina tena pa kushika. Pale ndipo angesimama. Lakini tajiri, yaani mwenye boti, yuko pembeni ameangalia saa, vijana wamezunguka, kila mmoja ana ushauri. Akaomba tindo na nyundo.

Akaweka tindo ukingoni mwa kichwa, akawa anapiga kuelekea upande wa kufungulia. Njia hiyo inafungua, sikatai. Skrubu ikazunguka, vijana wakashangilia, oili ikamwagika. Ila katika kupiga, tindo ilikuwa imeruka na kuchimba alumini, palepale kichwa cha skrubu kinapokalia. Mikwaruzo midogo, ungeipita bila kuiona. Na kwa kuwa skrubu mpya haikuwepo, ikarudishwa ileile iliyopondeka na washa yake ileile.

Washa hiyo kazi yake ni kuziba kati ya kichwa na mwili wa mguu. Ikikalia mahali palipochimbika, mashine ikipata moto oili inasukumwa nje kidogo kidogo, na ikipoa maji yanavutwa ndani. Gia zinayakoroga maji na oili mpaka inatoka rangi ya chai ya maziwa, na chai haijawahi kulainisha gia. Siku zikapita, mashine inawaka vizuri, hakuna anayelalamika. Usiku mmoja wakirudi na mzigo, injini inanguruma na boti haisogei. Wakapiga kasia mpaka boti nyingine ikawaona na kuwakokota. Dagaa wakafika mwaloni jua limeshapanda, wakauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mguu ulipofunguliwa, meno ya gia yamekatika. Kijana fundi alikuwa ameshahamia mwalo mwingine, na sidhani kama anajua hadi leo.

Ndiyo maana nasisitiza skrubu mpya iwepo kabla. Mwenye mpya mfukoni haogopi kuiua ya zamani, na akishakubali kwamba hiyo ni ya kufa, macho yake yanahamia kwenye alumini. Skrubu unaipata dukani. Mwili wa mguu, jaribu kuuliza bei yake.

Basi, jioni safisha mfereji kwa msumari, toa mchanga na rangi yote. Paka mafuta ya kupenyeza. WD-40 inasaidia, ingawa ilitengenezwa mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji, na kwa skrubu iliyoganda sana mafuta yaliyotengenezwa kwa kupenyeza huishinda. Mafuta ya breki acha, yanakula rangi. Asubuhi weka bisibisi kwenye mfereji, igonge kwa nyundo mapigo mafupi yaliyonyooka, ule unga uvunjike. Kisha ikaze kidogo kwanza, halafu ilegeze, rudia hivyohivyo. Ikigoma, chemsha maji, zungushia kitambaa pale na uyamimine. Alumini hutanuka zaidi kuliko chuma, kwa hiyo unachokitaka kipate joto ni mwili unaoizunguka skrubu. Wanaokimbilia mtungi wa gesi wananishangaza: ndani ya mguu kuna sili za mpira, na tangi la petroli lipo hatua chache.

Bisibisi ikianza kupanda hata kidogo, acha. Usijaribu "mara ya mwisho". Kichwa kikiwa kimeshaharibika, kitoboe katikati kwa keekee, taratibu, mpaka kichwa kitengane. Mkazo ukishaondoka, kipande kilichobaki mara nyingi hulegea. Kuchomelea nati juu yake pia kunafaa, lakini apewe fundi wa kuchomelea aliyewahi kuifanya kazi hiyo, mguu ukiwa umevuliwa kutoka kwenye mashine na skrubu ya juu imefunguliwa.

Ikishatoka, pitisha kidole pale inapokalia. Kama kuna mkwaruzo, mwambie mwenye boti hapohapo. Weka washa mpya, jaza oili kwa bomba kutokea tundu la chini mpaka itokeze juu, na ufunge kwa kiasi, si kwa hasira. Oili chafu usiimwage ziwani, hapo ndipo watoto wanapochota maji.

Mengine mnayajua: toa waya za plagi kabla ya kushika propela, usivute sigara, vaa miwani ukigonga chuma. Safari ya kwanza kaeni karibu na nchi kavu, makasia na maboya ya kuvaa yawemo. Mkirudi, iacheni mashine wima usiku mzima, na asubuhi legeza skrubu ya chini udondoshe matone ya kwanza kwenye kiganja. Maji hutangulia kutoka, kwa sababu hukaa chini ya oili. Ukiyaona, mashine isiguse ziwa siku hiyo, hata tajiri akipiga kelele.