Wazo jipya likikuvamia katikati ya stori

Kama unaandika stori ndefu we jua tu, ukifika katikati, pale ambapo mwanzo umeshauchoka na mwisho bado huuoni, ndo mawazo mapya yanaanza kuja kwa fujo na kila moja linaonekana tamu kuliko hiyo uliyonayo mkononi. Si kwamba ni bora, ni vile tu bado hujakutana na matatizo yake.

Usilifukuze, litakusumbua usiku kucha. Lipe faili lake au kurasa za nyuma za daftari, andika mhusika ni nani, anataka nini, nini kinamzuia, na ile picha au sentensi iliyokusisimua (hii usiiache, ndo inayosahaulika kwanza), alafu weka alamu ya dakika 15, ikilia funga. Ila chapta ya kwanza ya hilo wazo jipya usiiguse hata kama vidole vinawasha, maana ukishampa mhusika sauti yake ndo umeshahama hivyo.

Kingine, ukiacha kuandika leo acha katikati ya tukio na andika mstari mmoja wa kinachofuata, ili kesho ukikaa usianze kutafuta pa kushikia, hapo kwenye kutafuta ndo wazo jipya linapenyea.

Na likikung'ang'ania wiki kadhaa liangalie vizuri, saa zingine sio stori nyingine kabisa, huyo mhusika mpya ndo aliyekuwa anakosekana kwenye chapta iliyokukwamisha.