Buscopan: jinsi ya kuitumia tumbo likianza kusokota

Kile kidonge cheupe kidogo chenye sukari juu wengi tunakiita Buscopan tu, ila kwenye pakti utakuta pia imeandikwa hyoscine butylbromide, kampuni ni nyingi dawa ni hiyohiyo.

Kabla hujameza sikilizia kwanza tumbo linaumaje. Hii inasaidia maumivu ya kuja na kuondoka, yani tumbo linasokota, linaachia, alafu linakamata tena, hapo misuli ya utumbo inajikaza na dawa inaenda kuzuia ile kemikali ya asetilikolini inayoiamrisha ijikaze, basi inalegea. Sio panadol hii. Ukimeza kwa ajili ya kichwa umepoteza hela, na kiungulia cha asidi wala haikigusi.

Kidonge kimoja ni miligramu 10. Mtu mzima anaruhusiwa viwili mpaka mara nne kwa siku, visizidi 8 kwa masaa 24, ila mi naona anza na kimoja usikilizie, inaanza kushika baada ya kama robo saa hivi. Meza kizima na maji, usitafune wala usisage. Mtoto wa chini ya miaka 6 usimpe vidonge, na mjamzito au anayenyonyesha aulize kwanza. Angalia pakti vizuri pia, kuna zilizochanganywa na paracetamol, ambayo ndio panadol yenyewe, sasa ukimeza hiyo alafu ukaongeza na panadol juu unaliumiza ini bila kujua.

Mdomo utakauka, hiyo kawaida, kunywa maji. Wengine choo kinakuwa kigumu, moyo unaenda mbio, au macho yanaona ukungu, na kama ni ukungu basi funguo za bodaboda weka pembeni kwanza. Ukiwa unatumia piriton ya mzio au amitriptyline ya sonona huo ukavu unazidi, na ile metoclopramide ya kuzuia kutapika inavutana nayo, moja inalegeza utumbo nyingine inausukuma.

Mwenye presha ya macho asiiguse bila daktari, na mzee wa tezi dume ambaye mkojo unatoka kwa shida ndio kabisa, unaweza ukagoma kutoka. Hivyohivyo mwenye ule ugonjwa wa misuli kuishiwa nguvu (myasthenia gravis), au utumbo ulioziba.

Sasa hapa ndo watu wanakosea, tumbo linauma siku ya tatu na mtu bado anaongeza vidonge. Maumivu yakianzia kitovuni yakahamia chini kulia yakakaa hapohapo hayaachii, hiyo inaweza kuwa kidole tumbo, sio msokoto. Tumbo gumu kama ubao, homa, kutapika mfululizo, damu kwenye choo, au hata ushuzi hautoki, au mjamzito tumbo linamkaza, acha dawa nenda hospitali usiku huohuo.

Na dukani usikubali wakukatie viwili kwa mkasi, jina na tarehe ya kuisha vinabaki kwa muuzaji na wewe unaondoka na vidonge visivyo na jina. Chukua karatasi nzima, ukiishia hospitali unaibeba unamwonyesha daktari umemeza hii, vingapi, na saa ngapi.